Picha za Wakamua Mawese wa Minago

Wazazi wetu, picha tulizobandika shuleni mwezi huu tulipiga Minago, pembeni ya Ziwa Tanganyika, kwa wanaokamua mawese. Kwanza tuliomba ruhusa. Mama mmoja alikataa tupige uso wake, akakubali mikono tu. Ni haki yake. Sisi tuliokimbia vita tunajua hatari ya sura kuzunguka kwa watu usiowajua.

Ngazi zinachemka ndani ya pipa masaa mengi. Mvuke uliziba kioo cha kamera, basi tukangoja. Kisha vijana wakazungusha mashine kwa mikono, mafuta mekundu yakatoka.

Watoto waliozaliwa kambini wanauliza: "Mwalimu, ile ni damu?" Njooni na mababu na mabibi wa Fizi wawaeleze, hadi kokwa zinavyotoa mafuta ya sabuni.