Pampu ya umeme chumbani: jicho liwe kwenye geji

Kifaa chenyewe si cha ajabu. Ni silinda ya plastiki ngumu inayovalishwa uume, pampu ya kunyonya hewa iliyomo ndani, na pete ya mpira inayosukumwa hadi kwenye shina ili damu isirudi upesi. Hewa ikipungua, damu inavutwa na uume unasimama. Geddings Osbon, mfanyabiashara wa matairi wa jimbo la Georgia, Marekani, alijitengenezea cha kwake baada ya nguvu kumpungukia, akakitumia miaka mingi kabla ya mamlaka ya dawa ya nchi hiyo kukiruhusu kuuzwa mwaka 1982. Leo madaktari huwashauri wenye kisukari na waliofanyiwa upasuaji wa tezi dume kukitumia, na wapo wanandoa wazima kabisa wanaokitaka kwa raha zao. Hilo halina aibu. Kinachonitia wasiwasi ni mota.

Pampu ya mkono humlazimu mtu kupumzika kila baada ya kubana mara chache. Ya betri huendelea kuvuta maadamu kitufe kimebonyezwa, na haijui kama unaumia. Mwenye kisukari cha muda mrefu huenda naye asijue, kwa sababu neva zake zimeshafifia. Ndiyo maana napenda kazi hii ifanywe na wawili: mmoja ashike kitufe, mwingine aangalie ngozi na geji, na neno "basi" la yeyote kati yao litiiwe papo hapo.

Kabla ya kununua, tafuteni vitu viwili: geji ya presha, na vali ya kuachia hewa inayofunguka kwa kidole kimoja. Vifaa vingi vya tiba huwekewa kizuio ili mvuto usipite kiasi cha milimita 250 za zebaki. Kisicho na kizuio wala geji kiacheni dukani, hata kikiwa na kasi kumi na taa za rangi. Mashine ya kufyonza vumbi ndiyo kabisa isiguswe. Mwaka 1980 madaktari wa Uingereza waliandika katika jarida la BMJ kuhusu wanaume waliojeruhiwa vibaya nayo. Katika baadhi ya mashine hizo feni huwa karibu mno na mdomo wa kufyonzea.

Wakati wa kutumia, punguzeni nywele za kinenani na mpake kilainishi cha maji kwenye mdomo wa silinda ili hewa isivuje. Mafuta ya mgando yaacheni, yanaharibu mpira, na kondomu pia. Vuteni sekunde chache, mwachie kidogo, mvute tena. Angalieni korodani zisinyonywe ndani. Uume utakuwa na ubaridi na rangi ya kibuluu kiasi, kwa kuwa sehemu ya damu hiyo ni ya mishipa ya vena. Hilo ni kawaida. Vidoti vyekundu vikitokea, mvuto umekuwa wa haraka au mkali mno, pumzisheni siku hiyo. Maumivu ni ishara ya kufungua vali, si ya kuvumilia.

Pete ndiyo yenye hatari kubwa kuliko silinda. Isikae zaidi ya dakika 30, na mtu asilale nayo. Waliokunywa pombe hujisahau, kwa hiyo wekeni kengele ya simu. Chagueni pete yenye vishikio pembeni. Ya chuma haivutiki, na uume ukivimba haitoki bila msaada. Mwanamume anaweza kufika kileleni mbegu zisitoke, lakini pete si uzazi wa mpango.

Wapo wanaopaswa kuonana na daktari kwanza: mwenye selimundu, ugonjwa tulio nao sana Afrika Mashariki, ambao tayari huweza kuusimamisha uume kwa saa nyingi bila hamu, mwenye saratani ya damu, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, maana mvuto mdogo tu huweza kumvilisha damu chini ya ngozi.

Uume ukiwa umekufa ganzi, umekuwa mweusi, au umesimama saa 4 baada ya pete kutolewa, nendeni hospitali usiku huohuo, na mke aingie pamoja na mumewe chumba cha daktari. Semeni wazi mlichotumia na muda ambao pete ilikaa. Daktari wa zamu anahitaji jibu hilo ili ajue aanzie wapi.