Protini ya Neva: Umbo Kwanza, Uzito Baadaye

Kichupa kinapofunguliwa, mgeni wa maabara hudhani kimeletwa kitupu. Chini kabisa kuna utando mweupe, mikrogramu chache tu za protini ya binadamu inayokuza neva, ambayo watafiti huiita NGF. Ukipiga hesabu ya bei yake kwa gramu moja, dhahabu inaonekana rahisi.

Kiinitete kinapokua, neva zinazobeba maumivu na zile zinazoendesha moyo na jasho huitegemea protini hii. Zisipoipata, hufa. Aliyeigundua ni Rita Levi-Montalcini, Mwitaliano ambaye sheria za kibaguzi za mwaka 1938 zilimfungia milango ya vyuo vikuu, akachunguza viinitete vya kuku chumbani mwake. Baadaye, huko St. Louis, Marekani, alishirikiana na mwanakemia Stanley Cohen. Cohen alitia sumu ya nyoka kwenye sampuli ili kuharibu asidi za kiini cha seli. Badala ya kufifia, neva zikachipuka kuliko awali, kwani sumu yenyewe ilikuwa imejaa NGF. Kwa kuwa sumu hutoka katika tezi zinazofanana na za mate, akapima tezi za mate za panya dume, akaikuta tele. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Tezi hizo za panya zililisha maabara kwa miaka mingi. Jeni ya binadamu iliposomwa mwaka 1983, njia nyingine ikafunguka: jeni hiyo hupandikizwa ndani ya bakteria au seli za mamalia, nazo huzalisha protini ya binadamu.

Hapo ndipo kazi ngumu inapoanza. Bakteria hutoa protini nyingi, lakini huirundika ikiwa imevurugika kama uzi uliochezewa na paka. Lazima iyeyushwe, kisha ikunjwe upya hadi kila mnyororo wa protini uwe na madaraja yake matatu ya salfa, na minyororo miwili ishikane. Mwilini, NGF huanza ikiwa ndefu zaidi, ndipo kipande cha mbele hukatwa. Ile isiyokatwa hushika kipokezi kingine na inaweza kuziua neva zilezile ambazo iliyokatwa huzilinda.

Ndiyo maana mimi siridhiki na cheti cha muuzaji kinachotaja usafi wa asilimia 98 peke yake. Naomba matokeo ya kipimo cha seli. Kipimo kinachozoeleka ni seli za PC12, zilizotokana na uvimbe wa tezi ya adrenali ya panya na kutumika tangu 1976: zikipewa NGF iliyo hai, baada ya siku chache huacha kugawanyika na kuota mikia mirefu. Na ukishaiyeyusha, igawe katika vichupa vidogo, kwa sababu kuigandisha na kuiyeyusha mara kwa mara huiharibu. Hunata pia kwenye plastiki, hivyo wengi huongeza albumini kidogo.

Lebo husema “kwa utafiti tu”, na maneno hayo si mapambo. Ipo dawa ya macho ya NGF, cenegermin, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2017 na Marekani mwaka 2018 kwa vidonda vya konea iliyopoteza neva, lakini hiyo ilipimwa kwa wagonjwa kwanza. Kichupa cha maabara hakijapimwa hivyo, tena NGF ikidungwa mwilini huleta maumivu. Atakayekuuzia kama tiba ya ganzi ya miguu, mkatalie.