Sauti Iliyoingia Kabla ya Mwenyewe

"Mjomba, mtu wa redioni anakaa wapi?"

Ah! Njoo hapa, nikusogezee mkeka. Swali hilo nimelisubiri tangu jana, nilipokuona unachungulia vitundu vya nyuma ya redio yangu. Swali zuri kabisa, mwanangu. Wapo watu wazima wasiowahi kuliuliza.

Mtu wa redioni hakai ndani ya redio. Mama yako akiwa jikoni akaita, "Njoo ule!", nawe uko uani, je, unamwona? Humwoni. Huoni kanga yake, huoni mwiko wake. Lakini unajua ni yeye. Unajua hata kama amefurahi au amekasirika. Mama amebaki jikoni, sauti yake imefika uani. Redio ni hivyo hivyo, ila jiko liko mbali, na ua ni mkubwa kama nchi nzima.

Basi leo nitawasimulia, wewe na wenzako, habari za mama mmoja wa Marekani ambaye sauti yake ilifika kila ua. Jina lake Hattie McDaniel. Sauti iliingia, mwenye sauti akabaki nje. Yashikeni maneno hayo, tutayarudia.

"Kwa nini alibaki nje?"

Ngoja kidogo. Chungu ndiyo kwanza kimetengwa jikoni.

Hattie alizaliwa Wichita, katika jimbo la Kansas, mwezi wa Juni, miaka ya 1890. Alikuwa kitinda mimba. Mamake alizaa watoto 13. Hebu hesabuni sahani hizo! Baba yake, Henry, alizaliwa mtumwa. Mama yake, Susan, alizaliwa mtumwa. Henry alipata kuwa askari katika vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, upande uliowashinda wenye watumwa. Mwaka 1865 vita vikaisha, utumwa ukaisha, ufukara haukuisha. Familia ikahamia jimbo la Colorado, ikaishi mjini Denver.

Hattie hakunyamaza. Akiosha vyombo, anaimba. Akifagia, anaimba. Mwenyewe alisimulia kwamba mama yake alikuwa akimpa senti ili anyamaze walau kidogo. Nanyi msinitazame hivyo, mimi senti sina! Mwaka 1910, akiwa bado msichana wa shule, alisimama mbele ya watu mjini Denver akaghani shairi kwenye mashindano, akapata nishani ya dhahabu. Basi. Jukwaa likamwingia damuni.

Kaka yake Otis alikuwa na kundi la maonyesho, na Hattie akaenda naye. Walizunguka mji kwa mji, wakiimba na kuchekesha watu. Baadaye, miaka ya 1920, akaimba na bendi ya George Morrison. Siku moja bendi ile ikaitwa kwenye kituo cha redio cha Denver kiitwacho KOA. Wakati huo redio za matangazo zilikuwa ngeni, zina miaka michache tu. Wanawake weusi waliokuwa wamesikika wakiimba humo walikuwa wachache mno. Hattie akakisogelea kipaza sauti, akaimba.

Fikirini ajabu hiyo. Katika nyumba zile zilizomsikia, nyingi zisingemruhusu Hattie kupita mlango wa mbele. Angeambiwa azunguke nyuma, apitie jikoni. Lakini siku ile alikuwa sebuleni. Sauti iliingia, mwenye sauti akabaki nje.

Kisha ikaja njaa. Mwaka 1929 biashara za Marekani zilianguka. Mwenye pesa akaacha kununua, mwenye duka akaacha kuajiri, na mwimbaji, je, nani atamlipa? Hattie akajikuta Milwaukee, mji wa baridi kali, bila kazi. Akapata kibarua katika ukumbi mmoja wa starehe. Si cha kuimba. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye maliwato ya wanawake na kuwapa wageni taulo.

"Yule mwenye nishani?"

Huyo huyo. Usiku mmoja waimbaji walikuwa wamekwisha kuondoka, na wateja wamekaa tu. Ikatafutwa sauti ya kuwachangamsha. Hattie akaweka taulo chini, akatoka, akaimba. Taulo zile hazikumwona tena. Kuanzia hapo alikuwa mwimbaji wa ukumbi.

Mwaka 1931 akaenda Los Angeles, mji wa filamu, ambako ndugu zake walikuwa wametangulia. Kaka yake Sam alikuwa na kipindi katika redio ya KNX, akamwingiza dada yake. Humo Hattie aliigiza mtumishi mwenye maneno mengi, anayemjibu mwajiri wake bila woga. Watu wakampenda. Lakini malipo! Malipo yalikuwa haba hata ikambidi, mbali na redio, afanye utumishi kweli kweli kwenye nyumba za watu. Redioni anaigiza mtumishi, majumbani ni mtumishi.

"Mjomba, kuigiza redioni si ni kusoma tu?"

Haya, tujaribu. Funga macho. (Nilikuwa na vifuu viwili vya nazi karibu nami. Nikavigonga chini: ko-ko, ko-ko, ko-ko.) Umesikia nini?

"Farasi!"

Farasi yuko wapi? Hayupo. Ni vifuu. Ndivyo walivyofanya waigizaji wa redio, na hata wa filamu wamevitumia vifuu hivyo hivyo. Mwigizaji wa redio hana uso wa kukuonyesha, hana nguo, hana mikono. Akilia, kilio kiwe chote kooni. Na karatasi yake asiikunje, maana kipaza sauti husikia kila kitu. Ni kazi ngumu, wanangu. Ni kama kupika ukiwa umefungwa macho, na wageni wamekwisha kukaa.

Filamu nazo zikamwita. Mwaka 1934 aliigiza katika Judge Priest, mwaka 1936 katika Show Boat. Filamu nyingi hazikuandika hata jina lake. Na kila filamu, kazi ni ile ile. Mpishi. Mfua nguo. Yaya. Mpishi tena.

"Kwa nini hakukataa?"

Swali hilo aliulizwa na watu wazima pia. Weusi wenzake wengi walimlaumu. Walisema picha hizo zinafundisha dunia kwamba mtu mweusi kazi yake ni kuinama. Hattie alikuwa na jibu lake: afadhali kulipwa kwa kuigiza mtumishi kuliko kuwa mtumishi. Mimi naona waliomlaumu walikuwa na haki ya kukasirika. Nami naona pia hasira ile ilipaswa kuwafikia kwanza wenye studio, kwa sababu wao ndio walioandika mlango mmoja tu kwa mtu mweusi, tena mlango wa jikoni. Mtu aliyepewa mlango mmoja, utamuuliza kwa nini hakupita mwingine?

Sasa sogeeni. Chungu kimechemka.

Mwaka 1939 ilitoka filamu kubwa mno, Gone with the Wind. Inasimulia mabwana wa mashamba ya pamba wakati wa vita vile vile alivyopigana baba yake Hattie. Filamu hiyo imeupaka utumwa sukari, nawaambieni mapema. Hattie aliigiza Mammy, yaya mtumwa wa nyumba ile. Lakini ulimi wake ni mkali na macho yake yanaona yote. Anapolia ngazini, hata mtu asiyetaka kulia hulia.

Onyesho la kwanza likafanyika Atlanta, Desemba 15, 1939. Atlanta iko kusini, na huko sheria iliwatenga weusi na weupe. Waigizaji wakubwa walikwenda, jiji likapambwa. Hattie hakwenda. Pale ukumbini uso wake ulikuwa mkubwa kuliko mlango, watu wanaucheka na kuulilia. Picha iliingia, mwenye picha akabaki nje.

Miezi miwili ikapita. Ikafika Februari 29, 1940, ile tarehe inayokuja mara moja katika miaka minne. Tuzo za Oscar zilitolewa katika hoteli ya Ambassador mjini Los Angeles, kwenye ukumbi ulioitwa Cocoanut Grove, yaani Shamba la Minazi. Lakini minazi yake ilikuwa ya bandia! Huangui dafu pale. Kama kuna kitu kiliona vizuri mambo ya usiku ule, ni meza moja ndogo. Tuipe mdomo, ituambie.

"Mimi ni meza ndogo. Meza kubwa ziliwekwa mbele, mimi nikawekwa ukutani. Hoteli yetu haikupokea watu weusi, na mama huyu aliingia kwa sababu mwenye filamu alimwombea ruhusa. Akaja, amevaa maua meupe nyweleni, nikadhani ni asumini. Wenzake wa filamu ile ile walikaa pamoja kwenye meza kubwa. Yeye aliletwa kwangu. Hakunigonga kwa hasira, hakunililia. Alikaa wima. Mara nikasikia jina lake likiitwa. Akainuka. Kutoka kwangu mpaka mbele ni mbali, jamani, alizipita meza zote. Akasema moyo wake umejaa. Akasema anatumaini kuwaletea heshima watu wake na kazi ya filamu. Sauti ikamkatika, akalia. Kisha akarudi pembeni. Na mimi, meza ya ukutani, nikawa nimempokea mshindi."

Hattie ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza kupata Oscar. Tuzo yake ilikuwa ya mwigizaji msaidizi wa kike.

"Msaidizi ndiyo nini?"

Umeona mafiga matatu chini ya chungu? Wageni wakija husifu wali, husifu chungu. Figa hakuna anayelisifu. Liondoe moja uone. Mwigizaji msaidizi ni figa la hadithi. Miaka ile wasaidizi hawakupewa sanamu ile ya dhahabu mnayoiona kwenye picha. Walipewa kibao kidogo chenye umbo la sanamu hiyo juu yake. Kikumbukeni hicho kibao.

Kwa pesa zake Hattie alinunua nyumba kubwa mjini Los Angeles, mtaa uliokuja kuitwa Sugar Hill, Kilima cha Sukari. Majirani wengine weupe wakaja juu. Walikuwa na karatasi za zamani zilizosema nyumba za pale zisiuzwe kwa mtu asiye mweupe. Ni kama wapangaji wa ua mmoja waandike karatasi: kisima hiki asichote fulani, wala mwanawe, wala mjukuu wake. Wakamshtaki Hattie na weusi wenzake wa mtaa ule. Mwaka 1945 jaji akaitupilia mbali kesi yao. Miaka mitatu baadaye mahakama kuu kabisa ya Marekani ikaamua, katika kesi nyingine, kwamba karatasi za namna hiyo mahakama hazitazisimamia popote nchini. Mlango ule, angalau, Hattie aliupita mwenyewe, na funguo mkononi.

Kisha redio ikamwita tena. Kulikuwa na mchezo wa mtumishi mweusi wa kike aitwaye Beulah. Nadhani hamtabahatisha ni nani aliyekuwa akitoa sauti ya Beulah kabla ya Hattie.

"Mama mwingine?"

Mwanamume! Tena mzungu. Jina lake Marlin Hurt. Husimuliwa kwamba alikuwa akisimama studioni akiwapa watazamaji mgongo, kisha anageuka ghafla na kutoa sauti ya Beulah, nao wanaangua kicheko kwa mshangao. Majumbani wengi hawakujua. Redio haina macho. Hata mwanamke mweusi alipohitajika kwa sauti tu, kazi alipewa mwanamume mweupe! Hilo huniuma hadi leo.

Mwaka 1947 Hattie akaichukua nafasi. Akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mwigizaji mkuu wa mchezo wa redio Marekani. Malipo yake yalifika dola 1,000 kwa wiki. Tena aliweka sharti: hatasema Kiingereza kilichovunjwavunjwa ili watu wacheke. Beulah alibaki mtumishi, lakini sasa alikuwa na koo la mwenyewe.

Mwaka 1951 alianza kumwigiza Beulah kwenye televisheni, akaugua kabla hajafika mbali. Alifariki kwa saratani Oktoba 26, 1952. Alikuwa ameomba azikwe kwenye makaburi ya Hollywood, walikolala waigizaji wenzake. Wakakataa. Makaburi yale yalikuwa ya weupe tu.

"Hata kaburini, Mjomba?"

Hata kaburini. Alizikwa kwingine, Rosedale. Mwaka 1999 mwenye makaburi mpya aliweka jiwe la kumkumbuka pale pale alipokataliwa. Na kwenye njia ya miguu ya Hollywood zipo nyota mbili zenye jina lake, moja ya filamu na moja ya redio.

Nani alifuata? Mwanamke mweusi wa pili kuipata tuzo ile ya mwigizaji msaidizi ni Whoopi Goldberg, mwaka 1991. Toeni wenyewe: 1991 toa 1940. Ndiyo, 51! Na mwaka 2014 aliipata Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, jirani yetu. Yeye hakukalishwa ukutani.

"Na kile kibao?"

Nilijua utauliza, we mtoto mwenye masikio! Hattie aliacha wosia kipewe Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington. Kikafika, kikakaa miaka, kisha kikapotea. Mwaka 2023, mwezi wa Oktoba, wenye tuzo walipeleka kingine Howard badala yake.

"Kile cha kwanza kiko wapi?"

Hakijaonekana mpaka leo.

Tazameni, mdogo wenu anafunua mkeka. Mwacheni atafute. Akimaliza hapo, atachungulia tena nyuma ya redio.