Jumba la Muziki la London na Watu Wasimamao

Wakati wa kiangazi cha Uingereza, tangu mwezi wa Julai hata Septemba, mtu apitaye katika mtaa wa Kensington mjini London huona jambo la kushangaza. Watu wazima na vijana, wengine wamechukua mkate, wengine kitabu, wamejipanga mmoja nyuma ya mwenziwe karibu na jumba kubwa la mviringo. Hawangojei chakula wala kazi. Wangojea kuingia kusikiliza muziki, na wakiisha kuingia hawatapewa kiti, bali watasimama kwa miguu yao muda wa saa mbili au zaidi. Na mahali hapo pa kusimama, penye bei ndogo kuliko zote, ndipo panapotamaniwa na wengi.

Jumba lenyewe huitwa Royal Albert Hall. Albert alikuwa mumewe Malkia Victoria, naye alipenda sana elimu na ufundi, akataka London iwe na mahali ambapo watu wa kila hali wataweza kujifunza mambo hayo. Alikufa mwaka 1861 bila kuliona jumba alilolitamani. Wale waliotaka kulitimiza shauri lake walikuta fedha hazitoshi, basi wakatumia hila ya kibiashara: waliuza viti kabla ya jumba kujengwa. Mtu aliyetoa pauni 100 alipewa haki ya kukalia kiti chake kwa miaka 999. Viti zaidi ya 1,000 viliuzwa kwa njia hiyo, na hata leo haki hizo hurithiwa na kuuzwa kama vile shamba linavyorithiwa na kuuzwa.

Malkia aliweka jiwe la msingi mwaka 1867. Kuta zilijengwa kwa matofali mekundu yapatayo milioni sita, na juu yake mafundi wakaweka kuba ya chuma na vioo. Kuba hiyo iliundwa kwanza katika mji wa Manchester ili kuijaribu, kisha ikafumuliwa vipande vipande na kuletwa London kwa magari ya farasi. Siku ya kuondoa nguzo zilizoishikilia, mafundi waliogopa isije ikaanguka, wakawaambia watu waondoke, wabakie wale tu waliojitolea kwa hiari yao. Nguzo zilipoondolewa, kuba ilishuka kidogo, si hata nusu ya inchi, ikatulia. Imetulia hivyo mpaka leo.

Lakini jambo ambalo mafundi hawakuliogopa ndilo lililowasumbua. Jumba lilifunguliwa tarehe 29 Machi 1871. Malkia alikuwapo, ila huzuni ya kumkumbuka mumewe ilimzidi, na mwanawe akatoa hotuba kwa niaba yake. Askofu wa London alipoomba, na neno la mwisho likatamkwa, watu walisikia "Amin" ikiitikiwa tena kutoka juu, ingawa huko juu hapakuwa na mtu. Ulikuwa mwangwi.

Kila mtu aliyepata kupiga kelele mbele ya jabali, au ndani ya kisima kirefu, ameusikia mwangwi. Sauti husafiri katika hewa, na ikigonga kitu kigumu hurudi. Mwendo wake ni futi 1,100 hivi kwa sekunde moja. Sasa, tangu sakafu ya jumba hili hata kilele cha kuba ni kiasi cha futi 135. Sauti ya fidla hupanda futi 135, ikagonga vioo, ikashuka futi 135 tena, jumla futi 270. Safari hiyo huchukua karibu robo ya sekunde. Yaonekana ni muda mfupi mno, walakini katika muda huo mpiga fidla mwepesi amekwisha kupiga sauti nyingine mbili au tatu, na ile ya kwanza hurudi ikazivuruga. Tena umbo la kuba lilizidisha ubaya. Kama kioo kilichopinda kikusanyavyo mwanga wa jua mahali pamoja, ndivyo kuba ikusanyavyo sauti na kuzitupa kwa pamoja juu ya vichwa vya wasikilizaji. Watu wa London walifanya mzaha, wakasema kwamba hapo ndipo mahali pa pekee ambapo mtunzi wa Kiingereza huwa na hakika ya kusikia kazi yake ikipigwa mara mbili.

Kwanza walitanda kitambaa kikubwa chini ya kuba; kilisaidia kidogo tu. Mwaka 1949 waliweka dari ya bati jepesi la alumini badala yake. Dawa yenye nguvu ilipatikana mwaka 1969, nayo ni ya kuchekesha kuitazama: sahani kubwa za mviringo, zaidi ya 100, zilining'inizwa hewani chini ya kuba. Atazamaye kutoka sakafuni huziona kama uyoga uliootea angani, na jina hilo la uyoga ndilo walilopewa. Sauti inayopanda huzigonga, ikatawanyika huku na huku kabla ya kufika kileleni. Baadaye idadi ya uyoga huo ilipunguzwa na kupangwa upya, lakini haujaondolewa.

Mtu aweza kuuliza: kama jumba lilikuwa na ila kubwa hivyo, kwa nini wapenda muziki walilichagua? Hawakulichagua. Jumba walilolipenda liliitwa Queen's Hall, nalo lilisifiwa sana kwa uzuri wa sauti yake. Hapo ndipo Robert Newman, msimamizi wake, alipopata shauri jipya mwaka 1895. Wakati ule muziki mkubwa ulisikilizwa zaidi na matajiri, kwa kuwa tikiti zilikuwa ghali. Newman alitaka makarani, wenye maduka na mafundi nao wausikie. Akaondoa viti vya sakafuni, akatoza shilingi moja tu kwa kila asimamaye, akaanza kwa nyimbo nyepesi ili masikio ya watu yazoee kidogo kidogo. Watu waliruhusiwa kula, kunywa na hata kuvuta tumbako. Waliombwa tu wasiwashe viberiti wakati mtu anapoimba. Kiongozi wa wapigaji alikuwa kijana wa miaka 26, jina lake Henry Wood. Usiku wa kwanza ulikuwa tarehe 10 Agosti 1895, na Wood akaendelea na kazi hiyo karibu miaka hamsini.

Kisha vita vikaja. Tarehe 10 Mei 1941, alasiri, watu walisikiliza katika Queen's Hall kazi ya Elgar iitwayo The Dream of Gerontius. Usiku ule ule ndege za Ujerumani zilitupa mabomu ya moto juu ya London, na asubuhi jumba lilikuwa majivu na kuta nyeusi. Ala nyingi za wapigaji, ambazo ziliachwa humo, ziliteketea. Habari ilipotangazwa kwa redio, watu waliwapelekea fidla na tarumbeta zao wenyewe. Lakini jumba halikuweza kutolewa sadaka. Mwaka huo huo Wood na wasikilizaji wake walihamia Royal Albert Hall pamoja na mwangwi wake, na desturi ya kusimama wakahamia nayo. Queen's Hall haikujengwa tena.

Basi jioni ya siku hizi huwa hivi. Watu wasimamao huingia katika sakafu ya katikati, chini kabisa, mbele ya wapigaji, hata wa safu ya kwanza huona vidole vikitembea juu ya nyuzi. Wengine husimama juu kabisa, karibu na dari, ambako mtu aweza kulala chali na kusikiliza. Wenye viti vya bei kubwa hukaa baina ya hao wawili. Katika mwaka 2024 tikiti ya kusimama ilikuwa pauni 8, nayo huuzwa siku ile ile ya muziki, ili asiyeweza kupanga mambo yake mapema asikose nafasi.

Wasimamao wana mizaha yao. Piano ikiletwa na kifuniko chake kuinuliwa, walio chini hupiga ukelele wa mabaharia wavutao kamba, na walio juu huitikia, kama wachukuzi wa pwani wanavyoitikiana wakisukuma jahazi. Sauti moja ya piano ikipigwa ili wapigaji walinganishe ala zao, hushangiliwa kana kwamba ni kazi kubwa. Lakini kiongozi akiinua fimbo yake, watu elfu tano hunyamaza. Mgeni na ajihadhari hapo: kazi ndefu yaweza kuwa na sehemu tatu au nne, na muziki ukikoma kati ya sehemu mbili si kwamba umekwisha. Wengi hungoja mpaka fimbo ishuke ndipo wapige makofi. Hata hivyo mgeni akipiga mapema hafukuzwi, wala si aibu kubwa. Pengine furaha yake imemtoka tu.

Nyuma ya wapigaji, mbele ya kinanda chenye mabomba 9,999, huwekwa sanamu ya kichwa cha Henry Wood, aliyefariki Agosti 1944. Sanamu hiyo iliokolewa katika magofu ya Queen's Hall. Usiku wa mwisho wa kiangazi wasimamao huivika shada la majani, na mara nyingi mmoja wao huipangusa uso kwa kitambaa, kana kwamba mzee ametoka jasho. Kisha hurudishwa katika chuo cha muziki cha Royal Academy of Music, ikae huko mpaka Julai.