Kuchagua Kihisi cha Uwepo wa Watu Nyumbani

Kihisi cha uwepo, ambacho mafundi wengi hukiita sensa, hutambua kama chumbani mna mtu, kisha huwasha au kuzima taa, feni au kiyoyozi bila swichi kuguswa. Wengi hukinunua wakitumaini kwamba uniti za LUKU zitadumu zaidi. Tumaini hilo hutimia pale tu kihisi kinapolingana na chumba, na pia na hali ya hewa ya mahali. Mkoani Morogoro, ambako joto la mjini na baridi ya milima ya Uluguru havipishani mbali, jambo hili lina uzito wa pekee.

Piga hesabu kwanza

Taa ya LED ya wati 9 inayosahauliwa ikiwaka kwa muda wa saa 5 kila siku hutumia uniti 1.35 katika siku 30. Feni ya wati 60 kwa muda huohuo hutumia uniti 9. Kihisi nacho hakilali: kinachotumia wati 1 usiku na mchana hula uniti 0.72 kwa mwezi. Kwa hiyo kukifunga kwa ajili ya taa moja huleta faida ndogo mno. Faida huonekana kwenye feni, kiyoyozi, au korido yenye taa kadhaa katika nyumba ya wapangaji wengi.

Fahamu aina kuu mbili

Kihisi cha infraredi huona joto la mwili linalosogea mbele ya kuta zenye joto tofauti. Bei yake kwa kawaida ni nafuu, na umeme kinaotumia ni kidogo. Hata hivyo, mtu aliyetulia akisoma au aliyelala huwa kama hayupo. Aidha, joto la chumba likikaribia lile la ngozi, yaani nyuzi 33 au 34 za Selsiasi, kihisi hupungukiwa na uwezo wa kutofautisha. Mchana wa miezi ya joto, chumba cha mjini chenye paa la bati lisilo na dari hufika huko kwa urahisi. Huko Mgeta au Bunduki, baridi humfanya mtu aonekane waziwazi. Hivyo, kihisi anachokisifu ndugu yako wa Mgeta chaweza kukuangusha wewe uliyeko Kihonda.

Kihisi cha rada hutuma mawimbi ya redio na kupokea yanayorudi. Hutambua hata kifua kinachopanda na kushuka kwa pumzi, na joto la chumba halikisumbui. Kasoro yake ni kwamba mawimbi hupenya mbao na jipsamu, hivyo mtu wa chumba cha pili huhesabiwa kuwa yumo. Feni inayozunguka nayo hudhaniwa kuwa mtu, na taa haizimiki. Chagua kinachoruhusu kurekebisha umbali na wepesi wa kuhisi.

Chumba kwa chumba

- Korido, stoo na ngazi: infraredi yatosha, kwa kuwa watu hupita wakitembea. Penye mzee au mgonjwa, ongeza muda wa taa kuwaka. Giza la ghafla ngazini huweza kumwangusha.
- Bafu na choo: weka muda wa dakika 10 au zaidi.
- Sebule na chumba cha kusomea: rada inafaa zaidi.
- Chumba cha kulala: chagua kinachozima tu, uwashaji ubaki kwenye swichi.
- Nje, hasa milimani penye ukungu na mvua: tafuta alama ya IP65.

Maswali ya kuuliza dukani

1. Je, kinahitaji waya wa nyutro? Visanduku vingi vya swichi havina waya huo.
2. Kinabeba wati ngapi, na kinafaa kwa feni au kiyoyozi?
3. Intaneti ikikosekana, kinaendelea kufanya kazi? Umeme ukikatika na kurudi, mipangilio hubaki?
4. Kina kamera au kinasa sauti? Kama kinavyo, kisiwekwe chumba cha kulala wala bafuni.
5. Kina alama ya ubora ya TBS na waranti ya maandishi?

Kabla na baada ya kulipa

Kazi ya nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Mpangaji aombe kwanza ridhaa ya mwenye nyumba, au achague kihisi cha betri atakachohama nacho. Kabla ya kumlipa fundi, fanya jaribio: wakati wa joto la mchana, washa feni, keti umetulia kwa robo saa, kisha toka. Taa isizimike ukiwa ndani, wala isiendelee kuwaka muda uliowekwa unapokwisha baada ya wewe kutoka.

Dai risiti ya EFD na uitunze pamoja na waranti. Kifaa kikiwa na kasoro, kirudishe dukani mapema. Muuzaji akikataa kukusikiliza, unayo haki ya kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani, ambayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeikabidhi jukumu la kumlinda mlaji.