Saa ya Kale na Mizani ya Sonara

Katika nchi ambayo dhahabu ndiyo gumzo la asubuhi na jioni, toka maduara ya Nyarugusu na Geita hadi Kahama na Kakola, mtu huzoea tangu utotoni kuamini kwamba kila kitu cha thamani kina uzito wake, na kwamba mwenye mizani ndiye mwenye neno la mwisho. Tangu soko la madini lilipofunguliwa Geita mwaka 2019, hata mchimbaji mdogo aliyekuja na punje mbili tatu ndani ya karatasi husikia mali yake ikitajwa bei kwa gramu na kwa usafi, na utaratibu huo ni wa haki kwa dhahabu. Walakini kuna tunu moja ambayo mizani hiyo huidhulumu, nayo ni saa ya mkono ya kale, ile ya kutiwa ufunguo, ambayo pengine hivi sasa imelala ndani ya sanduku la bati la babu, imeviringishwa kitambaa, akrabu zake zimesimama tangu siku alipoivua.

Saa hizo zilifikaje huku bara? Reli itokayo Tabora, ikipita Shinyanga, ilifika Mwanza mwaka 1928, na garimoshi halimngoji mtu asomaye wakati kwa kivuli cha mti. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na mwaka 1940 Mkanada John Williamson aligundua almasi ya Mwadui. Na penye mgodi pana zamu, na penye zamu pana saa. Kisha pamba ya Usukuma, iliyouzwa kupitia vyama vya ushirika ambavyo mwaka 1955 viliunda shirikisho lao, ikampa mkulima fedha taslimu mkononi. Ndipo, pamoja na baiskeli na redio, saa ya mkono ikawa alama ya mtu mzima aliyejiweza.

Ichukue saa hiyo, ukizungushe kifunguo chake kilicho ubavuni kwa kidole gumba na cha shahada, nawe utasikia mkwaruzo mwororo wa meno madogo: hiyo ni kamani inayojikunja. Kamani ni utepe mwembamba wa chuma ambao ukikunjwa hutaka kukunjuka, na nguvu yake hupita katika msafara wa magurudumu yenye meno mpaka ikafika kwenye gurudumu la mizani, ambalo huenda na kurudi kama pumzi ya aliyelala, likiiachia nguvu hiyo kidogo kidogo isije ikaisha kwa mara moja. Saa nyingi za zama hizo hupiga mara 18,000 katika saa moja, yaani mara 5 kwa kila sekunde na mara 432,000 kwa siku nzima, pasipo betri. Ncha za magurudumu, nyembamba kama unywele, huzunguka ndani ya vito vya yakuti, kwa kuwa yakuti hailiki upesi kama shaba. Ndiyo maana usoni mwa saa husomwa idadi ya vito, aghalabu 17. Asidhani mtu kwamba amepata hazina akivichomoa, maana yakuti hizo hutengenezwa viwandani na bei yake ni ndogo mno.

Basi thamani iko wapi? Mwaka 1941, katikati ya Vita Vikuu vya Pili, kiwanda cha Patek Philippe cha Geneva kilianza kuunda saa ijulikanayo kwa namba yake, 1518. Ndani ya kasha lenye upana wa milimita 35 tu, mafundi waliweka akrabu ya kuanzishwa na kusimamishwa kwa ajili ya kupima muda, na kalenda ya kudumu ijuayo yenyewe mwezi upi una siku 30 na upi una 31, na kwamba Februari hupata siku ya 29 kila mwaka wa nne. Juu ya hayo, uso wake huonyesha mwezi wa mbinguni ukiandama na kupevuka. Zilitengenezwa saa 281 hivi, karibu zote zikiwa na kasha la dhahabu. Za chuma cha pua zijulikanazo ni 4. Moja ya hizo 4 ilipopigwa mnada Geneva mwaka 2016, ilinunuliwa kwa zaidi ya faranga milioni 11 za Uswisi, ikaziacha mbali dada zake za dhahabu. Kwa uchache wake, chuma kiliishinda dhahabu.

Wenyeji wa Shinyanga wamekwisha kuliona somo hili nyumbani kwao. Mwaka 1947 Mwadui ilitoa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, ambayo Williamson alimtunuku Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa arusi yake. Ilipochongwa ilibaki na karati 23.6. Zaidi ya nusu ya uzito ilipotea, na katika kupotea huko jiwe likapata nuru na heshima, kwa sababu mkono wa fundi uliongeza kile ambacho mizani haikuweza kukipima.

Kadhalika, baada ya Sultani Qaboos kushika utawala wa Oman mwaka 1970, ziliagizwa Uswisi saa za kutunukiwa watu, zenye jambia, nembo ya dola hiyo, usoni pake. Wakusanyaji wa leo huinunua saa yenye jambia kwa bei inayoipita sana ile ya pacha wake asiye nalo, ilhali jambia lenyewe aghalabu ni rangi iliyochapwa, isiyo na uzito hata wa chembe. Wanachokitafuta ni nasaba: saa ilitoka wapi, nani aliitoa, na nani aliivaa.

Sisemi kwamba kila sanduku la bati limeficha utajiri. Saa nyingi za wazee wetu zilikuwa za kawaida, na baada ya saa ya kwanza ya mkono iendayo kwa betri na fuwele ya kwatzi kutolewa na Seiko ya Japani mnamo Desemba 1969, nyingi zilitupwa. Kwa hiyo zilizobaki zistahiwe. Usiisugue ikang'aa, kwa maana msasa hula kingo za kasha na alama za kiwanda. Usiupake uso wake rangi mpya, kwa maana uso wa asili, hata uliofifia, ndio wanaoutafuta wajuzi. Wala usikwangue tarakimu zing'aazo gizani, kwa kuwa za kabla ya miaka ya 1960 aghalabu zilitiwa radiamu, ambayo vumbi lake hudhuru mwili. Barua, risiti na picha ya babu akiwa ameivaa zitunzwe pamoja nayo, kwani hizo ndizo mashahidi wake.

Na ikiwa kasha ni la dhahabu, hapo ndipo hatari ilipo kubwa zaidi. Sonara atalisugua juu ya jiwe lake, atalidondoshea tindikali, atakuambia kwa ukweli kabisa kwamba ni karati 18, yaani robo tatu dhahabu tupu, kisha atang'oa mtambo na kuuweka kando, na kasha litaingia katika kalibu. Hakukudanganya, ulimuuliza swali la uzito naye akalijibu. Kabla ya kumwendea yeye, mwendee fundi saa, yule aketiye kivulini na kioo chake cha kukuzia jichoni. Aifungue, asome namba zilizochongwa ndani, aisafishe na kuitia mafuta, kisha uiweke sikioni usikilize. Dhahabu ya Geita ilikuwako ardhini kabla babu hajazaliwa, nayo hata ikiyeyushwa mara mia hubaki dhahabu ileile. Saa yake ikiyeyushwa mara moja, hairudi tena.