Karatina Hawauzi Binti

Mgeni akihudhuria ruracio, yaani shughuli ya mahari, huko Mathira, eneo linaloizunguka Karatina, mara nyingi hurudi kwao na hadithi moja: kwamba Wakikuyu wa Nyeri humpigia binti yao bei mchana kweupe. Hadithi hiyo imerudiwa mno redioni na kwenye majukwaa ya wachekeshaji, pamoja na ile nyingine ya wanawake wa Nyeri kuwapiga waume zao, hata vijana waliozaliwa hukuhuku wameanza kuiamini. Wanaoisimulia waliziona pesa zikihesabiwa, wala hawasemi uongo katika hilo. Ila walifika shughuli ikiwa imeshaanza.

Mji wa Karatina uko kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Nyeri na Nanyuki, kilomita zipatazo 130 kutoka mji mkuu. Mto Ragati unashuka kutoka msitu wa Mlima Kenya, na mashamba membamba yanateremka toka mgongo wa kilima hadi bondeni: chai juu karibu na msitu, kahawa chini yake, migomba na maharagwe popote penye nafasi. Viwanda vya hapa vinafuata shamba. Vya kahawa vimejipanga kando ya mito kwa sababu buni iliyomenywa huhitaji maji ya kuoshea. Cha chai kipo Ragati. Reli nayo ilipita hapa ikielekea Nanyuki, ilikofika mwaka 1930.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili serikali ya kikoloni ilijenga Karatina kiwanda cha kukausha mboga za kulisha majeshi. Wakulima wa Mathira walilima, wakauza, wakapata fedha. Vita vilipokwisha, serikali ikataka kiwanda kiwe cha kudumu. Wenye ardhi wakadai ardhi yao, na kiwanda kikafungwa. Watu waliokataa biashara yenye faida kwa ajili ya shamba la baba zao ndio hao wanaoambiwa leo kwamba hawajui ila pesa.

Soko la Karatina ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi Afrika Mashariki, na wenye soko ni wanawake. Jambo hilo halikuletwa na ukoloni. Zamani, hata Wakikuyu na Wamaasai walipokuwa vitani, wanawake walivuka mpaka na viondo vyao vya nafaka bila kuguswa, wakarudi na ngozi na mbuzi. Wakati wa Hali ya Hatari, wanaume walipojaa vizuizini, wanawake walilea watoto katika vijiji vya lazima huku wakichimbishwa handaki la kuwatenga wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa msituni. Muthoni wa Kirima alipigana humohumo msituni akafikia cheo cha fildimasho, na nywele zake alizozifuga tangu enzi hizo hazikunyolewa hadi Aprili 2022. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, upande wa Tetu. Wanawake wa namna hii wamegeuzwa kichekesho cha kupiga waume, na inauma.

Turudi kwenye ruracio. Kwanza wazee wa kijana huja kubisha hodi, wakizungumza kwa mafumbo. Hufuata kuhanda ithigi, yaani kupanda tawi, ishara kwamba boma hili limeshaposwa; huletwa mwati na harika, kondoo jike na mbuzi jike wachanga. Kisha kuna pombe ya muratina, iliyochachushwa kwa tunda la mvungunya na kutiwa asali au maji ya miwa. Hapa ndipo mgeni angefaa kuwapo mapema. Pembe hujazwa, binti huitwa mbele ya wazee wote, na baba humwuliza: tuinywe pombe hii? Akikataa, hainyweki. Hakuna mbuzi atakayehesabiwa, na wageni watarudi walikotoka. Akikubali, huonja kwanza, ndipo pembe izunguke. Bidhaa gani ya sokoni huulizwa kama inataka kununuliwa?

Kuhesabu huja baadaye, na hakuishi. Wazee husema mahari hayamaliziki, na wanakusudia hivyo: deni likiisha, miguu ya wakwe kwenda na kurudi nayo huisha. Anayepokea hali peke yake, kwani wajomba na shangazi wana fungu lao. Tena baba ambaye hakulipa mahari ya mkewe hawezi kupokea ya bintiye mpaka aende kwanza kwa wakwe zake, hata akiwa na mvi, akamheshimu mama wa watoto wake. Mwisho ni ngurario. Kondoo huchinjwa, bega hukatwa mbele ya watu, na kuanzia hapo hao ni mume na mke.

Watoto wanaozaliwa huwarudisha mababu: mvulana wa kwanza hupewa jina la baba wa baba yake, wa pili la baba wa mama yake. Si kila desturi ya kurudishwa, hata hivyo: tohara ya wasichana, iliyowagawa waumini wa misheni ya Tumutumu mwaka 1929, iliharamishwa kwa sheria mwaka 2011, na ibaki huko.

Mji huu uliwahi kuwa na mtu aliyeyajali mambo haya ya mahari kwa kalamu. Gakaara wa Wanjau aliandika juu ya uposaji na mzigo wa mahari katika kitabu chake Uhoro wa Ugurani mwaka 1946, akafungwa kizuizini miaka ya Mau Mau, kisha akaendesha kiwanda chake cha uchapaji hapahapa Karatina. Shajara yake ya kizuizini ilimpa Tuzo ya Noma ya uchapishaji Afrika mwaka 1984. Alifariki mwaka 2001.

Lalamiko lake juu ya mzigo huo bado ni la haki. Siku hizi kuna mahema, mpiga picha wa droni, mshereheshaji wa kukodi na kamati ya michango kwenye WhatsApp, na baadhi ya familia humaliza hatua zote kwa alasiri moja. Mbuzi wamekuwa tarakimu kwenye simu. Pembe ya pombe hujazwa soda, binti huitwa kupigwa picha, na mshereheshaji huruka lile swali kwa sababu ratiba imebana. Hema likiondolewa hakipotei kitu. Swali likiondolewa, yule mgeni na hadithi yake hawana tena wa kuwapinga. Wazee wa Mathira wanaoalikwa kwenye shughuli hizi bado wana sauti. Wamnyang'anye mshereheshaji kipaza sauti, binti aulizwe.